Tarakimu 5 na 19: kwa nini ujio wa kocha mpya hutikisa miji ya vyuo Marekani

Desemba 2008 ndege ndogo ilitua Auburn, mji wa chuo katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ndani yake alikuwamo Jay Jacobs, mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Auburn, ambaye alikuwa amekwisha kumpata kocha mkuu mpya wa timu ya futiboli. Hakupokewa kwa vigelegele. Alipokewa kwa zomeazomea, na shabiki mmoja alimkaripia kwa sauti mbele ya kamera, kama mtu anayemkaripia ndugu aliyeuza shamba la ukoo bila kuwauliza wenzake.

Kilichomchoma shabiki yule ni tarakimu mbili, 5 na 19. Kocha aliyekuwa anakuja, Gene Chizik, alikuwa ameiongoza timu ya chuo cha Iowa State kwa misimu miwili, akashinda mechi 5 na kupoteza 19. Kumi za mwisho alizipoteza mfululizo. Na wiki chache tu kabla, watani wa jadi, Chuo Kikuu cha Alabama, walikuwa wameichapa Auburn 36 kwa 0. Wenzao wana Nick Saban, kocha mwenye jina kubwa, sisi tunaletewa mtu wa 5 na 19? Ukijiweka katika viatu vya shabiki yule, utaona hasira yake ilikuwa na mantiki kabisa.

Miaka miwili baadaye, Januari 2011, Chizik alisimama uwanjani Glendale, Arizona, akiwa bingwa wa taifa. Auburn ilikuwa imeshinda mechi zote 14, ikiwemo ile ya watani ambayo ilianza kwa kufungwa 24 kwa 0 ikaishia kwa ushindi wa 28 kwa 27. Kisha, Novemba 2012, kibarua chake kikaota nyasi: ushindi 3, vipigo 9, na hakuna hata mechi moja aliyoshinda katika ligi ya kanda yao. Chuo kikamlipa takriban dola milioni 7.5 aondoke.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote yanayomchanganya mtu anayezitazama kelele hizi kutoka mbali. Mashabiki walikuwa na sababu ya kukasirika, na walikosea. Halafu walionekana kuwa hawakukosea. Ukitaka kujua kama kocha atafaulu, kelele za siku ya kwanza hazitakuambia. Zinakuambia kitu kingine, na ni hicho ninachotaka tukifungue.

Timu ya nani?

Tuelewane kwanza. Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai, kofia ngumu na kinga za mabegani. Na timu hizi si za kampuni wala za tajiri fulani. Ni za vyuo vikuu, vingi vikiwa vya umma, na wachezaji wake ni wanafunzi wa miaka 18 hadi 23 hivi.

Usiyapime mambo yake kwa michezo ya vyuo tuliyoizoea, ambapo watazamaji ni wanafunzi wenzao na mama wauza vitafunwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu 107,601. Ule wa Tennessee unazidi laki moja. Uwanja wa Benjamin Mkapa, tunaoujaza kwa tambo siku ya Simba na Yanga, unachukua watu 60,000. Auburn penyewe, sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 53,380, na uwanja wa futiboli wakati huo ulikuwa na viti 87,451. Yaani mji mzima, na vitoto vichanga, ungeweza kuingia uwanjani na bado pakabaki nafasi za wageni zaidi ya 30,000.

Jimbo la Alabama halina timu hata moja katika ligi kuu za kulipwa. Nebraska vilevile. Kwa watu wa huko timu ya chuo ndiyo timu ya nyumbani, nao huirithi kwa wazazi kama wanavyorithi dini na jina la ukoo. Wengi wao hawakusoma pale. Fundi magari ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo atakuambia "sisi" anapoitaja timu, na anamaanisha.

Lakini huyo anayesema "sisi" hana kura. Hakuna mkutano mkuu wa wanachama ambapo angesimama kumhoji mwenyekiti, kama wanavyofanya wanachama wa klabu zetu kubwa. Kocha huchaguliwa na mkurugenzi wa michezo, kwa baraka za mkuu wa chuo na bodi, na mara nyingi kwa sauti ya wahisani wachache wenye fedha nyingi. Shabiki wa kawaida huchangia pia: katika vyuo vingi, huwezi kupata kiti kizuri cha msimu mzima bila kutoa mchango wa kila mwaka juu ya bei ya tiketi. Anatoa, anarithisha, anasafiri, analia. Uamuzi mkubwa kuliko yote unapofika, anausikia redioni.

Hapo ndipo kelele zinapozaliwa. Ni kura ya mtu asiye na karatasi ya kupigia kura. Nadhani ukikosa kuliona hili, utawaona watu wazima wanaozomea ndege kuwa wendawazimu, na si haki kuwaona hivyo.

Kwa nini kocha, si mchezaji

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atasema, hata kwetu kocha akibadilishwa vijiwe huchemka. Ni kweli. Ila klabu zetu zikipata kocha dhaifu, dirisha dogo likifunguliwa zinaweza kusajili mshambuliaji kutoka Kinshasa au Abidjan na mambo yakatulia. Katika vyuo, kwa miongo mingi, mchezaji hakununuliwa. Kocha alimfuata kijana wa miaka 17 nyumbani kwao, akakaa sebuleni na wazazi wake kama mshenga, akaahidi kumtunza mtoto wao, na kijana akachagua chuo kwa sababu ya mtu yule. Mchezaji hupita, miaka minne mitano amekwenda. Kocha hubaki. Kwa hiyo kumchagua kocha ni kuchagua wachezaji ambao bado wako sekondari, wala majina yao hujayasikia.

Siku hizi uzito huo umeongezeka. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Januari 2024 Nick Saban alipotangaza kustaafu Alabama, baada ya mataji sita pale, wachezaji wake walifunguliwa siku 30 za kuhama kwa kanuni za wakati ule. Mrithi wake, Kalen DeBoer, aliajiriwa ndani ya siku mbili tu, lakini hilo halikuwazuia wote. Caleb Downs, mlinzi kinda aliyekuwa nguzo ya nyuma, alikwenda Ohio State, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa taifa huko.

Fikiria sasa kijana kama huyo, ameshika simu, anasoma watu wanavyompokea kocha mpya. Wazazi wake wanasoma. Mhisani aliyetaka kutoa dola milioni anasoma. Kwa hiyo kelele haziishii kuwa maoni. Zinaweza kumfanya mchezaji abaki au aondoke, na zinaweza kufungua au kufunga mfuko wa mchango. Kocha anayepokewa kwa shangwe huanza kazi akiwa na vijana wengi zaidi wa kuchagua, na anayezomewa huanza na pengo ambalo hakulichimba yeye.

Mfano mkubwa wa shangwe ni kuja kwa Saban huyohuyo. Mwezi Desemba 2006 alisema waziwazi kuwa hatakuwa kocha wa Alabama. Tarehe 3 Januari 2007 akawa kocha wa Alabama, kwa mkataba wa miaka minane na dola milioni 32, na umati ukamfuata uwanja wa ndege wa Tuscaloosa kumgusa tu. Aprili ile timu ikacheza mchezo wa mazoezi, wao kwa wao, usio na pointi wala kombe. Walifika watu 92,138. Kila kijana wa sekondari aliyealikwa siku ile kuona chuo aliona kitu ambacho hakuna maneno ya kocha yangeweza kumwonyesha.

Wanasoma nini katika jina moja

Jina likishatajwa, watu huligawana kama nyama ya sherehe, kila mmoja na kipande chake. Wako wanaotazama rekodi tu, kama yule wa Auburn. Rekodi haidanganyi, lakini haisemi yote. Chizik huyohuyo wa 5 na 19 alikuwa msimamizi wa ulinzi wa Auburn mwaka 2004, timu iliposhinda mechi zote 13, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye benchi la ufundi la Texas waliochukua ubingwa wa taifa. Tarakimu zote hizo zilikuwepo. Watu walishika mbili.

Wako wanaotazama ukabila wa aina yake, yaani: ni mwenzetu? Nebraska walipompata Scott Frost, Desemba 2017, walilia kwa furaha. Alizaliwa Lincoln, mji wa chuo kile. Alikuwa kwotabeki, mpanga mashambulizi, wa timu ya Nebraska iliyotwaa ubingwa wa 1997, na alikuwa anatoka kuiongoza timu ya Central Florida katika msimu wa ushindi mtupu. Mwana wa nyumbani amerudi. Sijaona uteuzi uliopendwa kuliko ule. Frost aliondolewa Septemba 2022, siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern, akiacha ushindi 16 na vipigo 31. Katika mechi zilizoamuliwa kwa tofauti ndogo, pointi nane au pungufu, alikuwa ameshinda 5 na kupoteza 22. Chuo kingesubiri hadi Oktoba mosi, fidia yake ingeshuka kutoka takriban dola milioni 15 hadi nusu yake. Hakikusubiri wiki tatu. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyokuwa yamegeuka.

Upande wa pili yuko Curt Cignetti. Indiana ilipomwajiri mwishoni mwa Novemba 2023 alikuwa na miaka 62, akitokea James Madison, chuo ambacho Wamarekani wengi wangekihusisha na rais wa zamani kabla ya mpira. Indiana ni nchi ya mpira wa kikapu. Futiboli yao ilikuwa na historia ya kupoteza mechi kuliko karibu chuo chochote kikubwa, na msimu ule walikuwa wameshinda 3 na kupoteza 9. Hapakuwa na kilio wala vifijo vya kutikisa nchi. Alipoulizwa anawashawishi vipi vijana waje kwake, alijibu kwamba ni rahisi: yeye hushinda, watu wakamtafute Google. Wengi walicheka. Alikuja na wachezaji zaidi ya kumi kutoka James Madison, akashinda mechi 11 msimu wa kwanza, idadi ambayo Indiana haikuwahi kuifikia, na Januari 2026 akawa bingwa wa taifa baada ya kushinda mechi zote 16.

Weka Frost na Cignetti bega kwa bega na utaona shangwe ilikuwa inapima kitu gani. Nebraska walikuwa wanapima umbali kati yao na enzi zao za dhahabu. Indiana hawakuwa na dhahabu ya kukumbuka, basi hawakuwa na kipimo. Nimeona pia kwamba mashabiki hutaka kocha aliye kinyume cha yule aliyewaumiza mwisho. Aliyefukuzwa akiwa mpole, wanataka mkali. Aliyefukuzwa akiwa mtu wa ulinzi, wanataka mtu wa mashambulizi. Jina jipya hupimwa kwa jeraha la zamani.

Na kuna kipande kimoja ambacho wengi hukipita haraka, nami sitaki kukipita. Auburn walipomchagua Chizik, jina jingine lililokuwa mezani ni Turner Gill, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameitoa Buffalo kwenye dimbwi na kuifanya bingwa wa kanda yake mwaka uleule. Charles Barkley, nguli wa mpira wa kikapu aliyesoma Auburn, alisema hadharani kuwa rangi ndiyo iliyomkosesha Gill kazi ile. Wakati ule makocha wakuu weusi katika ngazi ya juu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, ilhali karibu nusu ya wachezaji walikuwa weusi. Sylvester Croom, kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi ile ya Kusini, alikuwa ameachia kazi Mississippi State wiki mbili kabla.

Gill alikwenda Kansas mwaka mmoja baadaye. Katika misimu miwili alishinda mechi 5 na kupoteza 19.

Ndiyo, tarakimu zilezile. Mtu anaweza kuitumia rekodi hiyo kumcheka Barkley, lakini atakuwa hakumsikiliza. Suala si kama Gill angeweza kushindwa. Mtu mmoja alipata 5 na 19 akapandishwa kwenda Auburn na kupewa mamilioni. Mwingine alipata 5 na 19 na hakuna chuo kikubwa kilichompa tena timu. Alikwenda Liberty, wakati huo timu ya daraja la chini. Hasira nyingi za 2008 zilipiga kelele juu ya tarakimu. Chache ziliuliza nani huruhusiwa kuwa nazo.

Fedha zinakotoka, na wakimbiaji wetu

Kuna sababu mashabiki huujua mkataba wa kocha hadi nukta. Vyuo vingi ni vya umma, kwa hiyo mikataba ni nyaraka za umma, na magazeti huiomba na kuichapisha. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa futiboli au wa kikapu. Kirby Smart wa Georgia hulipwa takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher, Novemba 2023, ilikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi.

Soma sentensi ile ya mwisho tena. Fedha hizo huelezwa kuwa ni za wahisani na mapato ya michezo, si za ada wala kodi, na mara nyingi ni kweli. Ila hazitoki hewani, na zikitumika hapa hazitumiki pale.

Hapa ndipo suala linapotugusa moja kwa moja. Henry Rono, kijana wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wetu alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akizoa mataji ya vyuo vya Marekani, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Edward Cheserek, kutoka Marakwet, alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Njia ile ya ufadhili wa masomo kwa miguu bado inapitiwa na vijana wa Bonde la Ufa kila mwaka. Na katika vyuo vikubwa vya leo, mchezo unaoingiza fedha za kuendesha riadha, kuogelea, mbio za nyika na mengineyo ni futiboli, na kidogo kikapu.

Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Wachezaji walistahili, hilo halina mjadala kwangu. Walijaza viwanja vya watu laki moja kwa miaka mingi wakipewa chumba na chakula na vitabu. Lakini bili ile imeingia juu ya mishahara na fidia za makocha ambazo hazijapungua. Mwezi huohuo Washington State, chuo cha Rono, kilitangaza kufuta michezo ya kuruka na kurusha katika riadha na kubakiza hasa mbio ndefu.

Kwa hiyo shabiki akipiga kelele kwamba kocha afukuzwe leo, asisubiriwe hata wiki tatu, hesabu hiyo ina mtu mwishoni mwake. Anaweza kuwa mrusha tufe ambaye hakuna aliyewahi kuupigia kelele mchezo wake.

Msimu wa ndege

Haya yote hubanwa katika siku chache. Mechi za kawaida za msimu huisha Jumamosi ya mwisho ya Novemba, na dirisha la vijana wa sekondari kusaini hufunguliwa mwanzoni mwa Desemba. Katikati hapo makocha hufukuzwa, huajiriwa na huibwa. Mashabiki wamejifunza kufuatilia ndege binafsi za wahisani wao kwa namba za mkiani: imeruka kutoka wapi, imetua wapi, imekaa saa ngapi. Usiku mzima mtu na mkewe wanatazama kialama cha ndege kikitambaa juu ya ramani. Nusu ya ndege hizo, naamini, zinampeleka mtu kuwinda bata.

Ndani ya siku hizo kocha anaweza kuacha timu yake ikiwa inaelekea kwenye mashindano makubwa ya maisha yao. Novemba 30, 2025, kocha Lane Kiffin aliondoka Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, kwenda LSU, chuo cha jimbo jirani la Louisiana na wapinzani wa karibu, timu yake ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza 1 na kusubiri mechi za kuwania ubingwa wa taifa. Watu walikwenda uwanja wa ndege wa Oxford, Mississippi, kumzomea. Kiwanja cha ndege tena. Ni mahali pekee ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kumwona mwamuzi uso kwa uso, kabla hajaingia kwenye gari lenye vioo vyeusi.

Jumapili ya Knoxville

Mara nyingi kelele hizi hushindwa: kocha aliyetangazwa huanza kazi, watu huzoea. Lakini kuna siku zilishinda, na ushindi ule ndio unaonipa kazi kubwa kuufikiria.

Tennessee, chuo cha mji wa Knoxville, walikuwa mabingwa wa taifa mwaka 1998. Baada ya kumwondoa kocha Phillip Fulmer mwaka 2008 walipita kwa makocha watatu, mmoja wao akiwa Kiffin yuleyule, aliyekaa msimu mmoja na kuwakimbia. Msimu wa 2017 waliumaliza kwa ushindi 4 na vipigo 8, mara ya kwanza katika historia yao kupoteza mechi nane. Jumapili tarehe 26 Novemba ikavuja habari kwamba mkurugenzi wa michezo, John Currie, amekubaliana na Greg Schiano, wakati huo msaidizi katika Ohio State.

Ndani ya saa chache mji ukawaka. Wanafunzi walipaka maneno ya kupinga juu ya jiwe kubwa lililo chuoni, ambalo hupakwa ujumbe kila mara. Wabunge wa jimbo wakaandika kuwa hawamtaki. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa nzito: Schiano alikuwa amewahi kufanya kazi Penn State chini ya kocha msaidizi aliyekuja kufungwa kwa kunajisi watoto, na katika ushahidi uliofunguliwa mwaka 2016 mtu mmoja alisema aliambiwa na mwingine kwamba Schiano aliona jambo. Schiano alikana. Yule mwingine alikana kusema hivyo. Schiano hakuwahi kushtakiwa kwa lolote.

Ilipofika jioni makubaliano yalikuwa yamekufa. Ijumaa iliyofuata Currie mwenyewe aliondolewa, na Fulmer, kocha wa zamani, akarudi kushika kiti hicho cha mkurugenzi wa michezo.

Kati ya waliopiga kelele siku ile walikuwamo wazazi waliokuwa na hofu ya kweli kuhusu watoto, na siwezi kuwadharau. Walikuwamo pia waliokuwa wanamtaka kocha mwenye jina kubwa zaidi, na wakaona tuhuma ile ni rungu lililo karibu. Umati hauna namna ya kutenganisha sauti hizo mbili, na aliyepigwa kwa rungu hilo alikuwa mtu mmoja, kwa neno la kusikia kwa aliyesikia. Mimi naamini hakutendewa haki. Naamini pia kwamba watu waliopuuzwa miaka kumi, wakichangishwa kila mwaka, hatimaye walikuwa wamegundua wanaweza kusema hapana.

Kusema hapana waliweza. Kuchagua hawakuweza. Fulmer alimleta Jeremy Pruitt, aliyefukuzwa Januari 2021 baada ya kugundulika ukiukaji mkubwa wa kanuni za kuwashawishi wachezaji, na chuo kikaja kutozwa faini ya zaidi ya dola milioni 8. Schiano alirudi Rutgers, timu aliyoijenga zamani. Na Tennessee, wakiwa hoi, wakamwajiri Josh Heupel kutoka Central Florida. Safari hii mji haukuwaka. Wengi walishusha pumzi tu. Walikuwa wamechoka hata kukasirika.

Tarehe 15 Oktoba 2022 Alabama ya Saban ilikuja Knoxville. Tennessee hawakuwa wamewafunga kwa miaka 15 mfululizo. Matokeo yalikuwa 49 kwa 49 sekunde za mwisho, mpigaji akaupiga mpira ukapita juu ya mwamba kwa tabu, 52 kwa 49. Watu walimiminika uwanjani kwa maelfu, wakang'oa magoli, wakayabeba mabegani barabarani na kuyatupa katika Mto Tennessee. Timu ilikuwa na mechi nyingine nyumbani Jumamosi iliyofuata na uwanja haukuwa na magoli, basi chuo kikatangaza mchango. Kiliomba dola 150,000. Mashabiki walizitoa, zikapita.